Karakana ya kusuka mota Mtwara: konveya ndiyo, servo hapana

Nasimamia matengenezo kwenye kiwanda cha kubangua korosho, na msimu ukishaanza Oktoba mashine hazilali. Mota ikiungua ni kuagiza nyingine Dar es Salaam au kuisuka, yaani kufunga upya koili zake za waya, hapahapa mjini. Dar niliikatia tamaa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga na vipuri vyetu vikakwama njiani. Tangu hapo napeleka kwenye karakana moja ndogo Magomeni, haina hata kibao.

Ya karibuni ilikuwa mota ya konveya, kilowati 2.2, imeungwa stari (koili za fezi, njia tatu za umeme, zinakutana ncha moja katikati). Fundi alipoifungua tu akaniita: "Injinia, njoo uone mwenyewe." Koili za fezi mbili zilikuwa nyeusi tii, za fezi ya tatu bado zinang'aa vanishi. Mota ya stari ikikosa fezi moja, mzigo wote unabebwa na mbili zilizobaki, na ndizo zinazoungua. Yaani ugonjwa haukuwa kwenye mota. Tulipofungua kontakta (swichi inayowasha mota) kiwandani, pointi moja ilikuwa imeliwa kabisa. Fundi mwingine angesuka, akachukua hela yake, na mota ingeungua tena wiki ileile.

Idadi ya mizunguko na unene wa waya wanaandika daftarini kabla ya kubomoa. Beringi, zile 6206, wanazitoa kwa puli, si kwa nyundo (mafundi wenzangu, hapo rudieni kusoma). Iliporudi niliiwasha bila mzigo nikapima mkondo: ampea 2.4, 2.5, 2.4. Fezi zimelingana. Nililipa chini ya nusu ya bei ya mota mpya.

Ninachowalaumu ni ukaushaji. Hawana oveni, vanishi inakaushwa kwa taa, na masika unyevu wa pwani hii unawashinda. Kuna mota niliipima kwa mega ya volti 500 (kipimo cha uvujaji wa umeme) ikasoma chini ya megaohmu 1, ndogo mno. Ikarudi ikakae kwenye taa siku mbili zaidi. Nenda na mega yako, usipokee kwa macho.

Mota zinazoendeshwa na inverta (kifaa cha kubadili kasi ya mota) siwapelekei. Waya wao ni wa kawaida, na mapigo ya inverta ya volti 400 kwenye kebo ndefu yanaweza kuvuka volti 1,000. Insulesheni (ngozi ya waya inayozuia umeme) ya namna hiyo haidumu. Servo, mota zinazosimama mahali kamili zilipoamriwa, walizikataa wenyewe, kwa sababu sumaku na enkoda (kihisi cha mahali mota ilipo) zikipishana kidogo tu mashine haijui iko wapi. Hapo ndipo waliponipata: fundi anayekataa kazi ni nadra.

Msimu ukichanganya, foleni ni ndefu. Pampu za maji na mashine za kusagia zinapangwa mlangoni pamoja na mota zetu, na fundi anafuata zamu hata umwambie laini nzima imesimama.