Flashi inayosinzia nyuki akifika

Nilijiapiza nisiandike nikiwa na hasira. Nimesubiri siku kadhaa zipoe, hazikupoa, basi naandika maoni yangu ya mnunuzi hivyo hivyo.

Hii flashi ya makro, yaani taa ya kamera ya kupigia picha vitu vidogo kwa karibu sana, inalala. Sisemi ni mbovu. Inalala kama mlinzi wa usiku: ukipita mapema yuko macho na saluti unapigiwa, lakini mwizi akiparamia ukuta, yeye yuko ndotoni. Ukiiacha dakika moja na ushei bila kupiga picha inajizima kimya kimya, eti kutunza betri. Na kuamka kwake ni kwa kujikongoja. Unabonyeza, inafikiri, inapepesa kitaa chake chekundu, ndipo inakuwa tayari. Sekunde mbili hivi. Mtu anayepiga picha za pete au vikombe mezani ataniambia sekunde mbili si kitu. Aje akae na mimi kwenye mirehani asubuhi moja tu.

Nyuki ninaowawinda si wale wa asali. Wa asali hana shida: anatua, anatembea juu ya ua taratibu utadhani anachagua kitambaa, unampiga hata picha kumi. Mimi nawataka hawa wa porini wa jenasi ya Amegilla, wanaopatikana Afrika, Asia mpaka Australia. Mnene, kifua kimejaa manyoya, tumbo lina mistari inayong'aa. Hawaishi mzingani, kila jike huchimba kitundu chake ardhini au kwenye ukuta wa udongo. Huyu hana habari ya kutua. Unamsikia kabla hujamwona, mvumo wake ni mwembamba na mkali, kisha yuko mbele ya ua amesimama hewani, ulimi ameshaunyoosha kama sindano hata hajafika. Anachovya, ameshatoka. Ukianza kuhesabu, "moja" yenyewe hujaimaliza.

Fokasi ya kamera kwa nyuki huyu ni kazi bure. Inamkimbilia, inamkosa, inashika jani la nyuma. Kwa hiyo naifunga kwa mkono, nachagua shina lenye maua mapya, napiga magoti, halafu nasogea mimi mwenyewe mbele na nyuma, vidole viwili hivi, kama bibi anayesaga nafaka juu ya jiwe. Akiingia pale lenzi inapoona wazi nabonyeza. Kitundu cha lenzi nakibana mpaka f/11, mara nyingine f/16, maana kwa umbali ule ukikiacha wazi utapata jicho tu, mwili mzima ukungu.

Sasa, kitundu kikiwa kimebanwa hivyo mwanga wa jua hautoshi. Na bado kuna mabawa. Nyuki wa asali hupiga mabawa kama mara 230 kwa sekunde, kwa hiyo shata, kile kipazia cha kamera, ikifunguka kwa 1/250 ya sekunde inameza karibu pigo zima na bawa linatoka kama moshi. Kinachomgandisha nyuki hewani si shata, ni flashi. Ukiiweka kwenye nguvu ndogo, 1/32 ya nguvu yake kwa mfano, mwanga wake unawaka na kukatika ndani ya kama 1/10,000 ya sekunde, na bawa linasimama wima, mishipa yake yote unaihesabu. Mnaona basi kwa nini nimekasirika. Kila kitu changu nimekiegemeza kwenye kifaa kimoja, na kifaa hicho kinasinzia.

Asubuhi yenyewe siikumbuki tarehe, ni juzijuzi. Kulikuwa na baridi kidogo, na mimi napenda baridi kwa sababu nyuki wanaamka wazito, inabidi kwanza watetemeshe misuli ya kifua wapate joto la kurukia. Hawa wana njia zao. Mmoja anayazungukia maua yale yale, anapotea nyuma ya ua wa jirani, baada ya muda anarudi shina lile lile. Nilimngoja jike mmoja aliyekuwa na chavua ya njano tele miguu ya nyuma. Magoti yamelowa, mgongo unauma, si chafya wala kikohozi. Akaja. Akasimama hewani mbele ya ua, akageuka, uso mzima kwangu, macho makubwa ya kijani, ulimi nje.

Nikabonyeza. Giza totoro.

Nikabonyeza tena, giza. Mara ya tatu flashi ikaamka, ikawaka vizuri sana, mwanga laini, rangi safi. Hivyo ninayo picha nzuri mno ya ua la mrehani ambalo nyuki ameondoka sasa hivi. Petali inatikisika bado.

Nilipiga simu huduma kwa wateja nikiwa na tope magotini. Nikamweleza yule bwana kwa upole, naapa, kwamba flashi inachelewa kuamka na mimi napiga picha nyuki wakiwa hewani.

"Nyuki gani, dada? Wa asali?"

Nikamwambia si wa asali, ni wa porini, wana kasi.

Akacheka. Hakucheka vibaya, alicheka vile mtu mzima anavyomcheka mtoto. "Dada yangu, hapo tatizo si flashi, tatizo ni nyuki. Si umngoje atue? Au jaribu vipepeo, wanapendeza pia."

Vipepeo! Nikamuuliza kama kuna namna ya kuizuia isilale. Akasema nisome kijitabu. Nikamwambia kijitabu nimekisoma, hakuna. "Basi haipo," akasema, na kunitakia siku njema. Kutakiwa siku njema na mtu wa namna ile ni kama kumwagiwa maji ya kuoshea vyombo.

Na hapo ndipo hadithi inaponiaibisha kidogo, maana namna ipo. Jioni ile niliminya vitufe kimoja kimoja kwa hasira, nikashikilia viwili kwa pamoja, ikatokea menyu ambayo kijitabu hakiitaji, na ndani yake kuna alama ya mwezi mchanga. Nikauzima mwezi. Flashi ikakaa macho mpaka nikaenda kulala mimi.

Kesho yake, jamani. Sitaki kuisifu lakini itabidi. Nilipiga zaidi ya picha mia tatu, nyingi takataka, nyuki nusu, nyuki mgongo, nyuki hayupo. Lakini katika hizo kuna moja. Jike yule au dada yake, yuko hewani, mabawa yamesimama kama ya kioo, chembe za chavua zimenasa kwenye manyoya ya kifua, na ulimi wake umegusa ua kwa ncha tu. Mistari ya tumbo haikuungua kwa mwanga, maana kile kiplastiki cheupe cha mbele kinaulainisha kweli, sijaona flashi ndogo inayofanya hivyo. Nimemwonyesha mama, naye hana habari na wadudu, akaniuliza nimemning'iniza kwa uzi gani.

Siku ile ningeandika nyota tano. Nilikuwa nimeshaanza.

Kisha betri zikaisha, nikabadilisha, nikarudi kwenye mirehani, na giza totoro. Mwezi umerudi. Kila ukitoa betri flashi inasahau ulichoiambia na kurudi kwenye tabia yake. Kwa hiyo sasa ninaishi hivi: kila nikibadilisha betri, vitufe viwili, natafuta mwezi, nauzima. Nikisahau, nalipia kwa nyuki.

Yule bwana wa simu, kwa haki yake, kuna jambo aligusa bila kujua. Madume wa Amegilla jioni hujipanga kwenye vijiti vikavu, wanauma kijiti kwa taya na kulala hivyo hivyo wakining'inia. Wakiwa hivyo unawapiga picha upendavyo, hata bila flashi. Nimewapiga, ni warembo. Lakini sikununua flashi niwapige waliolala, na inaniudhi kwamba flashi na nyuki wangu wamebadilishana zamu.

Je, ununue? Kama unapiga vitu vilivyotulia, nunua leo, mwanga wake ni mzuri kuliko wa flashi kubwa nilizowahi kuazima. Kama ni nyuki wa hewani, usinunue. Au nunua ukijua kuna mwezi wa kuuzima, na uwe na betri zenye nguvu ili usizitoe katikati ya asubuhi. Nilitaka kuipa nyota mbili, nikakumbuka ile chavua, nikaweka tatu, nikakumbuka "jaribu vipepeo", nikarudi mbili. Naziacha mbili. Ile picha moja nimeshaichapisha, iko ukutani juu ya meza hii ninapoandikia, na pembeni yake nimebandika ya ua tupu.