Benzi W211 ya diseli: injini bora, breki za mashaka

Anayetaka E-Class ya diseli ya toleo la W211, lililotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009, atafute E 220 CDI iliyotoka kiwandani baada ya katikati ya 2006. Kama una fundi anayeijua Benzi kwelikweli, tena mwenye mashine ya kupima inayosoma hadi kompyuta ya breki, E 320 CDI ya silinda sita za mstari ni gari tamu zaidi. Ile E 320 CDI ya V6 (silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V) usiiguse mpaka uone karatasi za matengenezo.

Maandishi ya kwenye buti hayatoshi, kwa sababu injini mbili tofauti kabisa ziliuzwa kwa jina hilohilo la E 320 CDI. Soma namba ya chesisi. Ikianza na WDB211026, ndani kuna OM648: lita 3.2, silinda sita za mstari, nguvu farasi 204. Ikianza na WDB211022, hiyo ni OM642, V6 ya lita 3.0 yenye nguvu farasi 224, iliyoingia 2005.

OM648 ni miongoni mwa diseli bora ambazo Mercedes imewahi kuunda. Bahati mbaya inakuja na breki za SBC, mfumo wa umeme ambamo pampu na kompyuta ndizo zinazosukuma mafuta ya breki badala ya mguu wako. Kampuni iliyaita magari haya yarekebishwe mwaka 2004, ikayaita tena 2005, kisha ikauacha mfumo huo toleo lilipofanyiwa marekebisho 2006. Ndani ya kitengo cha SBC kuna kihesabu cha mikanyago: kikifika takriban 300,000, dashibodi inawasha onyo hata kama pampu bado ni nzima. Pampu ikigoma kweli, pedali inazama na kuwa nzito, na zinazobaki kufanya kazi ni breki za mbele tu. Kabla ya kununua, kihesabu kisomwe kwa mashine. Muuzaji akikataa, mwache na gari lake. Tena mafundi wengi hawalijui hili: mfumo lazima uzimwe kwa mashine kabla ya kugusa pedi, kwa sababu gari linaweza kujipandishia presha lenyewe na kalipa ikakubana vidole.

V6 haina kasoro ya kuzaliwa kwenye chuma chake. Shida ni mahali vitu vilipowekwa. Kipozeo cha oili kimekaa katikati ya V, chini ya manifoldi na turbo, na mipira yake ya kuzibia ya awali, ile ya rangi ya machungwa, hukakamaa kwa joto na kuvujisha. Oili inateremka nyuma ya injini mpaka mtu anadhani ni sili ya krenki. Mipira ni bei ya chakula cha mchana. Gharama iko kwenye kazi, kwani nusu ya sehemu ya juu ya injini inafunguliwa. Mvuke wa oili kutoka kwenye bomba la kupumulia unaoingia turbo nao hudondokea mota ya vibawa vinavyoongoza hewa ndani ya manifoldi na kuiua. Ukikuta risiti ya mipira mipya ya zambarau, hapo mazungumzo ya bei yanaweza kuanza.

E 220 CDI haina mbwembwe. Ile ya baada ya 2006 ina nguvu farasi 170, breki za kawaida na giaboksi ya otomatiki ya gia tano, na injini yake ya OM646 imo pia kwenye Vito na Sprinter, kwa hiyo spea zake hazikutesi. Kwenye mlima ikiwa na abiria wanne utaisikia ikihema kidogo, basi.

Ukaguzi uanze injini ikiwa baridi, kwa hiyo mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, na ukifika shika boneti uhakikishe. Ikiyumba na kutoa moshi mweupe sekunde chache za mwanzo, shuku hita plagi, yaani plagi zinazopasha joto silinda. Kuzibadilisha si kazi ya pupa: hung'ang'ania kwenye silinda hedi na kukatika, kwa hiyo zifunguliwe injini ikiwa moto, kwa spana inayopima nguvu. Kisha toa kifuniko cha plastiki juu ya injini. Uchafu mweusi kama lami kuzunguka injekta, pamoja na sauti ya "chif-chif", maana yake ringi ya shaba chini ya injekta imeacha kuziba. Ikiwahiwa, ni ringi mpya, boliti mpya na kusafisha kikalio. Ikiachwa, lami inaigandisha injekta isitoke. Mwombe fundi afunge vichupa kwenye mirija ya kurudisha mafuta, aache injini iungurume, kisha alinganishe: kichupa kinachojaa haraka kuliko vingine kimeonyesha injekta iliyochoka.

Giaboksi ya gia tano ni imara, ila ule uvumi kwamba oili yake haibadilishwi maisha yote uupuuze. Endesha kilomita 60 hadi 80 kwa saa ukigusa mafuta kidogo; ukihisi mtetemo kama unapita juu ya matuta madogo, oili imechoka au maji ya rejeta yamepenya, jambo lililoyakumba magari ya miaka ya mwanzo. Angalia pia soketi ya waya ubavuni mwa giaboksi. Ikivuja, oili hupanda na waya hadi kwenye kompyuta yake.

Shokapu za upepo kwenye diseli zilikuwa za hiari, na gari lenye springi za kawaida ni bora kwako. Likiwa na za upepo, liegeshe usiku kucha. Likilala kona moja, kuna uvujaji, na kompresa nayo inaelekea kuungua.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo huko utanunua mkononi. Tanzania inaruhusu kwa ushuru wa nyongeza wa uchakavu. Upige hesabu kabla ya kulipia meli. Gari likitoka Uingereza, ingiza namba yake ya usajili ya huko kwenye tovuti ya serikali inayoonyesha bure historia ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa magari wa huko: maili za kila mwaka na kasoro zilizoandikwa zote zimo. Maili 100,000 ni kama kilomita 161,000, kwa hiyo historia ikionyesha maili hizo na dashibodi ya kilomita ikasoma pungufu ya hapo, imechezewa.