Chuma katika maji ya pwani ya Antaktika: barafu au tope?

Swali ni kipi huyapa maji hayo chuma kilichoyeyuka: barafu au tope la sakafu ya bahari? Kwa wingi, barafu ya nchi kavu hubeba chuma kingi, ila sehemu kubwa ni chembe zinazozama. Kilichoyeyuka ni kile tu kinachopita chujio la mikromita 0.2. Tope la sakafuni halingoji kiangazi kama barafu inavyongoja ili iyeyuke: oksijeni ikiisha ndani yake, bakteria hukiyeyusha chuma. Kasoro yake ni kwamba chuma hicho kikikutana na oksijeni hugeuka chembe upya.

Bahari ya Amundsen, magharibi mwa Antaktika, huchanganya mambo kweli kweli: maji ya barafu iliyoyeyukia chini, upande unaogusa bahari, ni mepesi, hivyo hupanda yakiinua chuma cha tope. Pima viashiria viwili: oksijeni-18 (oksijeni ya aina nzito) ikipungua, shuku barafu; manganizi (metali itokayo kwenye tope) ikizidi, shuku tope. Tumia kamba isiyo ya chuma, maana kutu ya meli huharibu sampuli.

Ukichunguza ghuba yenye barafu mwezi Januari, ambao huko ni kiangazi, anza na barafu. Kwa majira ya baridi, anza na tope.