Shamar Joseph au Jayden Seales: nani apewe mpira mpya?

West Indies, timu ya kriketi ya visiwa vya Karibi na Guyana, iliwahi kutisha dunia nzima, lakini Julai 2025, pale Kingston, Jamaica, wapigaji wake wote waliondolewa na Australia wakiwa na mikimbio 27 tu. Wapigaji wanaumiza moyo. Basi angalau warushaji wachaguliwe kwa makini, hasa yule anayeanza na mpira mpya, ambao bado ni mgumu na unamsumbua mpigaji.

Joseph ametoka Baracara, kijiji cha ndani kabisa Guyana, na aliwahi kuwa mlinzi. Mpira wake wa kwanza katika kriketi ya siku tano ulimwondoa Steve Smith, mpigaji wa Australia. Wiki iliyofuata, Januari 2024, Brisbane, Mitchell Starc, mrushaji wa Australia, alimpiga kidole cha mguu kwa mpira uliotua miguuni, na Joseph akatoka uwanjani kwa maumivu. Kesho yake akarudi, akachukua wiketi 7, yaani akawaondoa wapigaji 7, huku akitoa mikimbio 68, ya mwisho akiking'oa kijiti cha wiketi nyuma ya Hazlewood wa Australia, na West Indies ikashinda kwa mikimbio 8. Mimi nilisimama mbele ya televisheni nikishangilia peke yangu.

Seales, kijana wa Trinidad, hana vishindo hivyo. Ana mkono unaotii. Mwishoni mwa 2024, dhidi ya Bangladesh, alirusha karibu ova 16 (ova moja ni mipira sita) akatoa mikimbio 5 tu na kuchukua wiketi 4. Mpigaji anabanwa mpaka anakosea.

Ningempa Seales mpira mpya kila asubuhi. Joseph ningemtunza kwa vipindi vifupi, ova nne nne, kwa sababu kasi ile inakula mwili.