"Mama, hita ya nini?" Uzoefu wangu na fundi wa Dar aliyenifungia Hilux

Juzi shemeji yangu kaniuliza, "Yule fundi wako wa Dar nimpelekee gari?" Nikafungua mdomo kujibu, nikajikuta sijui niseme ndiyo au nimtukane mtu ambaye hayupo. Ndiyo maana naandika.

Gari ni Hilux ya zamani, injini ya 3L, aliniachia marehemu mume wangu. Nabebea viazi kutoka Njombe. Habari za injini sitawachosha nazo, mwenye nayo anaijua. Nililipeleka Dar kwa sababu lilikuwa linachemsha: rejeta inayopoza maji ya injini imeziba, wota pampu inayoyasukuma inavuja. Fundi akashusha rejeta, akafunga pampu mpya, siku mbili kazi imekwisha. Kijana mcheshi, "shikamoo mama" haimtoki mdomoni. Nikalipa bila kuomba hata kupunguziwa.

Mpaka Mikumi gari linateleza kama jipya. Ruaha Mbuyuni nikanunua vitunguu, nikaanza kupanda Kitonga. Mbele yangu lori limebeba sijui nini, linatambaa, kulipita huwezi. Katikati ya mlima nikaona mshale wa joto unapanda.

Sikuogopa. Marehemu alinifundisha mapema: Kitonga mshale ukipanda, washa hita mpaka mwisho, fungua vioo, vumilia. Hita ni rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi. Mpira mmoja unaleta maji ya moto kutoka kwenye injini, mwingine unayarudisha upande wa wota pampu, na feni ya ndani inapuliza. Miguu itaungua, lakini joto hilo limetoka kwenye injini.

Nikawasha hita. Ukaja upepo wa baridi.

Nikazungusha swichi tena na tena kama mwehu. Baridi tu. Halafu, jamani, mshale ukashuka wenyewe! Nikasema asante Mungu. Kumbe pale ndipo maji yalipokuwa yamekwisha, ile sensa haina maji ya kupima, inasoma hewa. Niliokolewa na mvuke ulioanza kutoka kwenye boneti. Nikasogea pembeni, nikazima, kijana wangu akaweka mawe nyuma ya matairi.

Tulipofungua boneti, mipira yangu ya hita haipo. Yote miwili. Badala yake kuna kipande kimoja cha mpira, kimekunjwa kama herufi U, kimetoka kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, na kurudi kwenye bomba la pampu. Pale kwenye kona umejibana, maji yanapita kwa shida. Na akaupitisha juu ya manifodi ya ekzosi, chuma cha kutolea moshi chenye moto mkali, hauna hata klipu moja ya kuushika usitikisike. Ulipogusa chuma umeungua, tundu linaingia kidole.

Nikampigia. Nimesimama barabarani, malori yananipulizia moshi, namuuliza hita yangu iko wapi. Akacheka! "Mama, hita ya nini Tanzania? Joto lote hili?"

Mwanangu, umewahi kufika Njombe mwezi wa sita? Umewahi kutoka saa kumi na moja alfajiri na magunia, kioo kimejaa ukungu, unaendesha umetoa kichwa dirishani? Tanzania yake inaishia Kibaha. Nikakata simu maana nilikuwa nakaribia kusema neno la kujutia.

Bodaboda akaniletea mzee mmoja fundi kutoka Ilula. Akanisalimia "kamwene" kwa Kihehe, hakuuliza mengi. Aliusubiri mfuniko wa rejeta upoe karibu saa nzima, kijana wangu anamhimiza, yeye anasema maji ya moto hayana haraka. Akautupa ule mpira, akaziba midomo yote miwili kwa vipande vifupi vya mpira, kila kimoja kimetiwa bolti na kukazwa klempu. Akajaza maji ya dumu taratibu. Ndipo akagundua thamostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto, nayo imetolewa. Alinieleza kwamba kwenye hizi injini thamostati ikifunguka inafunga pia ile njia ya pembeni. Ukiitoa, maji mengine yanazunguka humo humo ndani bila kuonana na rejeta. Kwa hiyo niliyedhani amenipoozea gari alikuwa ameniongezea moto! Hedi haikupasuka, sijui kwa sala za nani.

Sasa niseme na la upande wangu, maana shemeji atasoma. Yule fundi wa Dar alinionyesha mipira ya zamani ya hita imepasuka nyufa, akasema ile yenye mikunjo yake ya kiwandani ipo Kariakoo, akanitajia bei. Nikaguna. Nikasema, "Weka yoyote, nina safari." Ni mimi niliyesema hivyo. Ila "weka yoyote" si "toa hita", na si "pitisha juu ya ekzosi", na kunifungulia mdomo kuniambia kulimgharimu nini?

Baadaye nikainunua ile ile ya Kariakoo, kwa bei ile ile. Imelala kwenye njia yake yenyewe, haigusi chuma, kila mkunjo umekaa kama ulipangiwa. Thamostati mpya ndani. Na hapa ndipo ninapochoka: rejeta aliyoitengeneza na pampu aliyofunga havijanisumbua hata siku moja. Napanda Kitonga na mzigo, mshale haufiki nusu. Fundi anajua kazi yule, akitaka.

Kwa hiyo shemeji, mpelekee. Rejeta mpe. Lakini kaa pale pale kwenye kiti, na akishika mpira wowote muulize unakwenda wapi. Na ukifika mwambie valvu yangu ya hita, ile ya kufungulia maji ya moto, aliyoifungua naitaka, alisema ameihifadhi kwenye boksi.