Wamepiga muhuri juu ya saini: uzoefu wangu na kampuni ya vifurushi

Ingekuwepo nyota sifuri ningeibonyeza. Haipo, kwa hiyo nimebonyeza moja, na hiyo moja msidhani ni sifa.

Jina la kampuni silitaji. Ofisi za Chake Chake zinazoshughulika na barua za Ulaya kwa njia hii zinahesabika, na wenyewe watajijua wakifika kwenye habari ya muhuri.

Kwa asiyeijua kazi hii: miye nakusanya kadi za mpira zenye saini za wachezaji na makocha waliostaafu. Sinunui. Unamwandikia mtu barua kwa mkono, fupi, unamwambia unamkumbuka kwa lipi. Kadi unaitia kwenye mfuko wa nailoni, kadibodi huku na huku isipindike, pamoja na bahasha ya pili yenye anwani yako na stempu kabisa, mzee wa watu asitoe hata senti yake. Kisha unakaa. Kuna wanaojibu upesi, kuna wanaojibu wakati wewe mwenyewe umeshasahau kuwa uliandika, na kuna wasiojibu.

Shida yetu huku ni hiyo bahasha ya pili. Stempu ya Tanzania haimfai mtu aliye Ujerumani, lazima ibandikwe ya kwao. Tangu 1907 kulikuwa na kuponi za kimataifa za majibu, za Umoja wa Posta Duniani: wewe unainunua kwenu, yeye anakwenda kuibadilisha kwa stempu kwao. Marekani waliacha kuziuza 2013, Uingereza walishaacha kabla yao. Na hata ukiipata, kumtuma mzee wa miaka themanini akapange foleni kwa ajili ya kuponi yako wewe usiyemjua, huo si uungwana.

Ndiyo maana kampuni hii niliiona neema. Wana anwani Ujerumani. Bahasha ya majibu naiandika anwani hiyo, stempu wanabandika wao, jibu likiingia wanalichanganya na mizigo mingine: Dar, Unguja, boti mpaka Mkoani, halafu Chake. Miye natoka Wete na gari ya 606 kwenda kuchukua. Bei yao si ya mchezo. Nililipa bila kinyongo, na hata leo nikiwa nimefura hivi siwezi kuwasingizia: barua zilikuwa zinafika.

Tena Ujerumani ndiko khasa kwa mpenzi wa saini. Vilabu vya huko huchapisha kadi za picha za wachezaji kwa kazi hiyo hiyo ya kusainiwa, na mtu mzima kumwandikia mchezaji hakuchekwi. Halafu Waafrika wetu wa miaka ya tisini walipita huko. Tony Yeboah wa Ghana alikuwa Eintracht Frankfurt, akawa mfungaji bora wa Bundesliga, ligi kuu ya huko, 1993 na tena 1994, mara zote mbili akigawana na mwenziwe. Okocha wa Nigeria alikuwa timu hiyo hiyo alipomgaragaza kipa Oliver Kahn na mabeki wa Karlsruhe mwaka 1993, goli ambalo vijana waliozaliwa juzi wanalo kwenye simu zao. Na makocha! Otto Pfister aliyekuwa na Togo Kombe la Dunia la 2006, Winfried Schäfer aliyebeba Kombe la Afrika na Cameroon 2002. Mjerumani aliyeonja mpira wa Afrika huwa hauachi.

Basi nami nilimwandikia mmoja wa makocha wa namna hiyo. Simtaji, nikimtaja kesho mtamjazia barua mlangoni na ni mtu wa umri. Nilimwambia natoka Pemba, sehemu ya Zanzibar, ambayo timu yake ilichukua Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati 1995 kule Uganda lakini FIFA haina kiti, na kwenye CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilipewa uanachama Machi 2017 ikanyang'anywa Julai mwaka huo huo. Nikamwambia kuwa hata hivyo uwanjani Gombani tulikuwa tukijazana, na jina lake tulikuwa tukilitaja. Sikuongeza chumvi.

Ikapita miezi. Baada ya Sikukuu, siku ya pili ama ya tatu, simu ikalia: "Ami, una bahasha yako huku."

Nilifika kabla hawajamaliza kufagia. Bahasha nikaikuta imeshafunguliwa. Sina neno na hilo, mizigo hukaguliwa. Nikaitoa kadi nikaenda nayo mlangoni penye mwanga, kwa sababu saini za kuchapishwa ninazo tele na sidanganyiki tena. Ya kuchapishwa imelala bapa. Ya mkono, ukiinamisha kadi, wino unang'aa peke yake na unaona mstari ulipopanda juu ya mwenziwe. Hii ilikuwa ya mkono. Wino mzito wa buluu, kutoka kifuani mwa picha mpaka magotini, na chini yake, kwa mwandiko wa mtu ambaye kidole kimeanza kutetemeka, jina langu na neno "Pemba". Jamani, kaandika Pemba!

Na juu ya hiyo Pemba, na juu ya mkia wa saini, muhuri. Wa zambarau. Wa pembe nne. IMEPOKELEWA. Chini yake nafasi ya tarehe, na hiyo tarehe yenyewe hawakuijaza.

"Nani kapiga muhuri hapa?"

Binti wa dirishani hata macho hakunyanyua. "Mimi, ami. Ndio utaratibu. Kila karatasi inayoingia hupigwa."

"Bahasha si ipo?"

"Bahasha imejaa stempu, hapakuwa na pahala."

Nikamwambia, mwanangu, hii si karatasi, hii ni saini ya mtu, imetoka Ujerumani, haitatoka tena. Akaitazama. Nilidhani ataona haya. Akasema, "Kwani ami, si picha tu? Mbona sura inaonekana yote?"

Na kijana mmoja kule nyuma kwenye maboksi, hakuulizwa na mtu, akadakia: "Ami bado unakusanya picha za bigijii?" Wakacheka.

Kosa la muhuri ni kosa, mkono wa mtu unakosea. Mimi kilichonichoma ni kicheko. Nina mvi, nimesomesha watoto, natoa pesa yangu halali kwa huduma yenu, halafu mnanicheka mbele ya wateja kwa kitu mlichokiharibu nyinyi! Niliyoyasema hapo sitayaandika hapa, ila waliokuwepo wanajua kwamba mzee aliyekuja kuchukua betri ya pikipiki aliniletea kiti.

Akatoka bwana mkubwa wao. Huyu, haki yake nimpe, ana adabu. Alinipa pole kwanza, ndipo akaeleza. Walikuwa na mteja aliyedai hakupewa hati zake, wakafika naye mbali, tokea hapo wakaamua kila kinachopita mikononi mwao kipigwe muhuri. Nikaelewa. Nilikuwa nimeanza kupoa. Kisha akavuta droo akanihesabia ada ya ile bahasha, narudishiwa. Nikapanda upya. Ada! Kama kwamba nilikuja kudai chenji. Nilizichukua, nisiwe muongo, lakini nilizichukua kwa hasira.

Nyumbani mpwa wangu akaja na spiriti na pamba. Nilimpigia ukelele wa kumtoa roho. Ile kalamu nzito ya kusainia wino wake ni wa spiriti, ukiigusa kwa spiriti unafuta vyote viwili unabaki na picha tupu. Wino wa muhuri wa kawaida ni wa maji, na kadi ya kung'aa hainywi, kwa hiyo ulikuwa umekaa juu juu tu, tena ulishaanza kunipaka kidole. Pamba, tone la maji, polepole, taratibu kuliko mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Nusu ya mbele ya IMEPOKELEWA ikaondoka, na mkia wa saini ukabaki mzima. Nusu ya nyuma haikukubali, hapo kadi ilikuwa imekwaruzika na wino umeingia ndani. Neno Pemba linasomeka, lakini na zambarau yake.

Sasa niwape ngapi? Nikikumbuka kadi zote walizonifikishia kabla ya hii, safi, hazina hata kona iliyokunjika, mkono unakwenda kwenye tatu. Bila wao hata hiyo ya kupigwa muhuri nisingekuwa nayo. Kwa hiyo tatu. Halafu nakumbuka bigijii, nashuka moja. Halafu nakumbuka bwana mkubwa alivyotoka ofisini mwake na kusimama jua kali kunisikiliza mpaka nikamaliza, na wakubwa wa siku hizi hawatoki. Mbili. Halafu ile tarehe. Ukisema ni utaratibu, basi ujaze tarehe! Mumeniharibia kadi kwa utaratibu ambao nyinyi wenyewe hamuufuati! Moja.

Ngoja. Nimeiacha mbili, na nisiulizwe tena.

Nimeshaandika barua nyingine, ya beki wa zamani wa Zambia aliyehamia Ulaya, na itapita kwao hao hao kwa sababu sina wengine. Bahasha ya majibu nimenunua kubwa safari hii. Pembeni nimechora kisanduku kwa rula, ukubwa ule ule wa muhuri wao, na ndani yake nimeandika kwa wino mwekundu: PIGA HAPA. NA TAREHE UJAZE.