Pampu za akwaria kubwa ya maji chumvi: chagua inayoamka umeme ukirudi

Tangu baridi ya mwaka huu ianze, ujumbe ninaoupata kuhusu matangi ya maji chumvi ni wa aina moja. Wa karibuni umetoka kwa dada mmoja wa Gangilonga, Iringa. Tangi la lita 540, vifaa vyote vipya, samaki wameshazoea. Umeme ukakatika jioni, ukarudi usiku wa manane watu wamelala. Asubuhi taa zinawaka, hita inawaka, pampu inanguruma, na samaki karibu wote wamekufa. Muuzaji akamwambia maji yalipoa.

Nilimwomba aweke kiganja mbele ya mdomo wa pampu. Hakuhisi mkondo wowote. Pampu ilikuwa inapata umeme na kutetemeka, lakini propela haizunguki.

Hiyo ndiyo kasoro ambayo karibu hakuna anayeiulizia dukani. Watu wanauliza lita ngapi kwa saa, wati ngapi, bei gani. Kwa mtu wa Mbeya, Njombe au Iringa swali la kwanza liwe hili: umeme ukikatika na kurudi, kifaa hiki kinaamka chenyewe?

Pampu nyingi za kuchomeka ukutani moja kwa moja zina sumaku inayozunguka pamoja na propela. Umeme ukiingia, ile sumaku inatikisika huku na huko mpaka ishike mwendo. Ikiwa mpya, inashika. Maji chumvi yakishaijengea ugando mweupe wa chokaa, kama ule wa ndani ya birika, nafasi iliyokuwapo kati ya sumaku na ukuta wake inajaa. Ikiwa inazunguka itaendelea kuzunguka kwa miezi bila wewe kujua kitu. Ikisimama mara moja, imegoma, na inazidi kupata joto palepale ilipo.

Huku kwetu nyanda za juu jambo hili ni zito kuliko pwani. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Tanga. Oksijeni ambayo maji yanaweza kubeba inapungua kwa kiasi hichohicho. Samaki wa matumbawe wanataka nyuzijoto 24 hadi 26, na maji ya joto tena yenye chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya mto. Kwa hiyo samaki wetu hawana akiba. Tangi kubwa linapoa polepole, hata Julai; maji yakisimama, samaki watakosa hewa kabla hawajakosa joto. Ndiyo maana simwamini muuzaji anayesingizia baridi kabla hajagusa pampu.

Kwenye pampu za mawimbi, zile za kusukuma maji humohumo ndani ya tangi, mimi ni mtu wa Tunze, na silifichi. Zinatengenezwa Ujerumani, na zile Turbelle za kielektroniki mota yake inaongozwa na saketi, haibahatishi upande wa kuzunguka. Kilichonivuta zaidi ni kifaa kidogo wanachokiita Safety Connector: unaunga betri ya gari ya volti 12, umeme wa ukutani ukikatika pampu inahamia kwenye betri yenyewe, ukirudi inarudi. Hakuna inveta wala mtu wa kuamka usiku. Piga hesabu: betri ya Ah 70, ukitumia nusu tu ili usiiharibu, inaisukuma pampu inayokula wati 10 kwa takriban saa 40. Chaja ya betri utanunua pembeni. Ni ghali, ndiyo. Lakini ukijumlisha thamani ya samaki na chumvi ndani ya lita 540, hiyo ndiyo pesa ya kwanza kutoa, kabla hata ya taa.

Ya pili naiweka VorTech ya EcoTech, ya Marekani. Mota yake inakaa nje ya kioo na kuzungusha propela ya ndani kwa nguvu ya sumaku, kwa hiyo waya hauingii majini. Nayo ina betri yake maalumu. Naiweka nyuma ya Tunze kwa sababu ya hiyo betri: ikifa, unasubiri nyingine itoke nje ya nchi, wakati ya gari utaipata soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, leo jioni.

Ya tatu ni Jebao, ya China. Inatumia volti 24 kupitia adapta na inaanza taratibu. Kwa pampu ya kurudisha maji juu kutoka kwenye sampu, yaani tangi dogo la chini ambamo maji huchujwa, Jebao DCP inatosha kabisa, mradi ununue na propela ya akiba siku hiyohiyo. Pampu zisizo na jina zinazouzwa kwa bei ya chipsi kuku, nunua moja ya kukorogea chumvi kwenye ndoo.

Yoyote utakayochagua, ijaribu. Iweke kwenye ndoo ya maji, chomeka, ichomoe, subiri kidogo, chomeka tena, mara kumi. Ikigoma hata mara moja, irudishe. Rudia jaribio hilo kila baada ya miezi mitatu, baada ya kuiloweka kwenye siki iliyochanganywa na maji mpaka ugando ulainike.

Sasa sampu. Pampu ya kurudisha ikisimama, maji ya tangi la juu yanashuka kupitia bomba lilelile lililokuwa linayapandisha, mpaka mdomo wa bomba uvute hewa. Tangi la sentimita 150 kwa 60 lina lita 9 katika kila sentimita moja ya kina. Mdomo ukizama sentimita 5, lita 45 zinashuka. Sampu iliyojaa itamwaga hizo lita sebuleni. Valvu ya kuzuia maji kurudi usiitegemee, konokono mdogo au chokaa vinatosha kuiachia wazi. Pandisha mdomo wa bomba karibu na uso wa maji, na acha nafasi kwenye sampu.

Hita nazo wengi wanaziweka kwenye sampu. Pampu isipoamka, hita inapasha sampu peke yake, kidhibiti kinaridhika kwamba joto limefika, na tangi la juu linaendelea kupoa. Kwa lita 540 chukua Eheim Jäger mbili za wati 300, moja kwenye tangi la juu, moja kwenye sampu. Joto unalipanga kwa kuzungusha kichwa chake, kwa hiyo umeme ukirudi inaanza bila kubonyezwa. Baadhi ya zile za kioo cha namba zinabaki zimezima mpaka uziguse.

Skima (kifaa cha kutoa uchafu majini kwa povu) na taa: chochote kizuri unachokimudu, mradi nacho kinapita jaribio la kuchomoa.

Chumvi, tafadhali, iwe ile ya kuchanganya kwa ajili ya akwaria, gramu 35 hivi kwa lita. Ya Uvinza si chumvi ya bahari, na ile ya mashamba ya pwani, ikikauka, kalsiamu hutangulia kuganda na magnesiamu hubaki kwenye maji yanayomwagwa. Matumbawe hayawezi kuishi humo.

Na ninyi wauzaji, mnatuumiza. Bei hamuandiki, ni "njoo DM" mpaka mjue mteja anaandika kutoka wapi. Kwenye boksi imeandikwa lita 6,000 kwa saa na hamsemi kwamba ni pampu ya mawimbi, isiyopandisha maji hata sentimita moja. Garantii mnayoitangaza Dar inaishia kituo cha mabasi cha Magufuli, hukohuko Dar. Kifurushi kikishafika stendi ya Nanenane, Mbeya, gharama ya kukirudisha ni ya mteja, na jibu ni "nunua nyingine tu". Propela ya akiba ni kipande kidogo cha plastiki na sumaku. Kiagizeni. Dada wa Gangilonga ameuliza maduka kadhaa na hajakipata, ilhali pampu nzima mpya ipo kila duka.